Wiki Sita za Thelma Garbutt

Msichana wa uwakala wa ajira alikuwa na sauti tamu, lakini haraka yake haikujificha.

"Thelma, wale watu wa madaraja pale Stockton wamekupenda. Mkataba wa miezi saba, unaanza Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Mimi nahitaji jibu moja tu kutoka kwako. Unaingia kupitia kampuni mwavuli, au unafungua kampuni yako mwenyewe? Nipigie kabla ya Ijumaa saa sita mchana."

"Jibu moja tu," Thelma Garbutt alisema, kwa sauti ya mtu anayelijua jibu hilo. Akakata simu, akakaa kwenye ngazi za nyumba yake mjini Middlesbrough, akacheka peke yake mpaka mumewe, Norris, akatokeza kichwa kutoka jikoni kuuliza kulikoni.

"Nimepata kazi," akamwambia. "Ila sijui niipokee kwa mkono upi."

Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Ishirini na tisa kati ya hiyo aliitumia kuchora madaraja katika ofisi ileile, kwenye kiti kilekile cha dirishani, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza angependa kuajiriwa kwa namna gani. Mwezi wa Mei ofisi ilipunguza watu, naye akapunguzwa, akapewa shada la maua na vocha ya duka la miche. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akaenda dukani na vocha yake, akarudi na mche wa tufaha, akaupanda nyuma ya nyumba kwa hasira, na mche wenyewe ukashika vizuri ajabu.

Lakini kilichomkaa rohoni hakikuwa ile ofisi. Binti yake Kirsty alikuwa ameolewa Hobart, huko Tasmania, mwisho kabisa wa ramani, na katikati ya Novemba alitarajia kujifungua mtoto wa pili. Kirsty alipojifungua wa kwanza, Thelma aliomba likizo ya wiki sita akajaza fomu yote kwa mwandiko mzuri. Fomu ilirudi mezani kwake siku ya nne. Kwenye kisanduku cha maoni ya msimamizi palikuwa na maneno matatu ya wino wa buluu: Haiwezekani kwa sasa. Alimwona mjukuu wake Rory kwa mara ya kwanza akiwa na miezi kumi, tayari anatembea, na mtoto alipomwona bibi yake akakimbilia nyuma ya kochi kujificha. Watu wote walicheka siku ile. Thelma naye alicheka, kisha akaingia bafuni akafungulia maji ili asisikike.

Safari hii alikuwa ameahidi kuwepo. Na bado alikuwa anaitaka kazi. Goti la Norris lilikuwa limeshamstaafisha, paa lilikuwa linavuja juu ya chumba cha wageni, na kwa mwanamke wa umri wake mkataba wa kuchora madaraja si kitu cha kuokota njiani. Alivitaka vyote viwili, kazi na mjukuu, na hakuona kwa nini achague kimoja.

Jumatano akawaita jikoni kwake watu wawili waliojua mambo ya mikataba. Kuwaita pamoja lilikuwa kosa, lakini Thelma alipenda kusikia ugomvi mzuri.

Wa kwanza alikuwa Philomena Cosgrove, Mena kwa wote wanaomjua, mwanamke wa nywele za zambarau aliyekaa naye meza moja kwenye ile ofisi ya zamani kabla hajaondoka kwenda kwenye mikataba. Wa pili alikuwa Vernon Sowerby, mdogo wake Thelma, mkaguzi wa mabomba kwenye viwanda vya kemikali, na pia Mkurugenzi Mtendaji wa Sowerby Ufumbuzi wa Kimataifa, kampuni yenye mfanyakazi mmoja na mbwa. Vernon alikuja na faili. Mena alikuja na parmo nne kutoka dukani, kuku wa kupondwapondwa aliyekaangwa akafunikwa jibini mpaka sahani isionekane, kwa sababu alijua mazungumzo yatakuwa marefu.

"Shoga, mimi nieleze kwa kifupi," Mena akaanza, uma mkononi. "Niko chini ya mwavuli mwaka wa sita. Mwavuli ndio mwajiri wangu. Nafanya kazi kwa mteja, Ijumaa natuma karatasi ya saa zangu, wiki inayofuata mshahara umeingia. Kodi imeshakatwa, likizo imelipwa, pensheni imewekwa. Mwaka wa hesabu unaisha lini, sijui, na wewe Vernon usithubutu kuniambia."

"Na kila wiki wanajikatia chao," Vernon akadakia. "Na ile michango ya mwajiri, anailipa nani? Inatoka kwenye malipo yako mwenyewe! Unalipia kuajiriwa. Sijawahi kusikia mtu anajinunulia mwajiri."

"Nanunua usingizi. Wewe unalala? Januari nilikukuta dukani umeshika koliflawa, unaisimulia habari za kodi ya kampuni."

"Nilikuwa napiga hesabu."

"Na koliflawa ilikuwa inakupa majibu?"

Norris aliyekuwa anasafisha liki zake, vile vitunguu virefu vya bustanini kwake, kwenye sinki akaangua kicheko mpaka akajishika goti. Vernon akamtazama kwa macho ya mtu aliyesalitiwa na shemeji yake, akafungua faili.

"Dada, sikiliza. Mteja ameshaandika kwamba kazi hii iko nje ya ajira. Yaani wewe si mfanyakazi wake, wewe ni biashara inayomhudumia. Bahati hiyo haiji kila siku. Fungua kampuni yako, uwe mkurugenzi. Unamtafuta mhasibu, unakata bima, unamtumia mteja ankara, na unajipangia mwenyewe."

"Hapo simbishii," Mena akasema, na Thelma akashtuka. "Kazi zangu zote zinahesabiwa kama ajira, ndiyo maana mwavuli umenifaa. Ya kwako iko nje. Una njia mbili. Lakini mwambie na masharti yake, Vernon. Mwambie ya bekoni."

Vernon akakohoa. "Hilo ni jambo zito."

"Mwambie."

"Ukiwa nje, uwe nje kwelikweli," Vernon akasema, kidole juu. "Watu wa kodi siku wakikuchunguza wanaangalia kama unaishi pale kama mwajiriwa. Kwa hiyo usitumie kikombe chao. Usiingie kwenye zamu ya kupika chai. Ofisi ikinunua mikate ya bekoni Ijumaa asubuhi, usile. Ule ni mkate wa wafanyakazi, na ukiula ni ushahidi. Na sherehe ya Krismasi usiguse kabisa."

"Mwaka juzi," Mena akamwambia Thelma, "sherehe ilikuwa ndani na huyu alikuwa nje maegeshoni, ndani ya gari lake, anakula sandwichi ya yai. Theluji inaanguka. Wenzake wanampungia mkono dirishani."

"Nilikuwa na amani moyoni," Vernon alisema kwa heshima zote.

Thelma alicheka mpaka machozi, lakini walipokwisha kula akauliza swali aliloliweka tangu mwanzo. "Novemba nataka wiki sita za kwenda Hobart. Njia ipi itanipa?"

Mena akasema kwamba mwavuli ungemlimbikizia siku za likizo, lakini kwa miezi miwili mitatu zisingefika hata nusu ya wiki sita, na mteja akiona kiti kitupu muda wote huo anaweza kumweka mtu mwingine akabaki naye. Vernon akasema kampuni ina kile kifungu cha mbadala, kwamba unaweza kumtuma mtu mwingine afanye kazi kwa niaba yako.

"Si ndiyo hiyo!" Thelma akasema.

"Ah, dada. Kifungu hicho tunacho wote, lakini mimi mwaka wa kumi na moja sijaona mtu aliyekitumia. Ni pambo."

Alhamisi asubuhi, wageni wameshakwenda na faili la Vernon limesahaulika juu ya friji, Thelma alifanya alichokuwa anakijua. Uwakala ulikuwa umemtumia mikataba miwili, mmoja wa mwavuli na mmoja wa kampuni. Akaichapa yote. Watu wa michoro wana desturi yao: mchoro ukikaguliwa, kila mstari ulio sahihi unapakwa rangi ya njano na kila kosa linapakwa nyekundu, mpaka pasibaki hata nukta moja ambayo jicho halijaipitia. Na zamani, kabla ya kompyuta, ukitaka kujua michoro miwili inatofautiana wapi, uliulaza mmoja juu ya mwingine kwenye kioo chenye mwanga. Thelma alijifunza kazi enzi hizo.

Basi akazibandika kurasa kwenye dirisha la jikoni, za kampuni juu ya za mwavuli, jua la Agosti likipita nyuma yake. Ukurasa wa kwanza mistari ilikaa juu ya mistari. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu majina yalitofautiana tu. Ukurasa wa nne, kifungu cha tisa, maneno yakaachana, na kuanzia hapo hadi chini karatasi mbili hazikupatana tena.

Wa mwavuli ulisema: Kazi itafanywa na mfanyakazi aliyetajwa hapo juu. Wa kampuni ulisema: Mtoa huduma anaweza, kwa hiari yake na kwa gharama yake, kumtuma mtu mwingine mwenye ujuzi unaolingana afanye kazi hii badala yake.

Thelma alikisoma mara nne. Akachukua kalamu ya njano akakipaka, kisha akakipaka tena, mpaka karatasi ikalowa.

"Norris!" akaita. "Njoo uone pambo."

Norris akaja na mikono yake ya udongo, akasoma taratibu akifuata kwa kidole. "Hili si pambo," akasema. "Hii ni tiketi ya ndege."

"Vernon anasema hakuna aliyewahi kulitumia."

"Vernon alikula yai kwenye theluji. Wewe unaogopa nini hasa?"

Thelma akafikiri. "Naogopa kuwa bosi. Sijawahi kuwa bosi wa kitu chochote."

"Umekuwa bosi wangu miaka thelathini na moja."

"Hiyo ni kazi ya kujitolea," Thelma alisema, lakini alikuwa anatabasamu, na Ijumaa saa tano na dakika arobaini alimpigia yule msichana wa uwakala na kumwambia: kampuni yangu mwenyewe. Kuisajili kulichukua muda mfupi kuliko anaotumia Norris kuifunika liki moja kwa gunia bustanini. Mtandao ulimuuliza majina ya wakurugenzi akaandika lake. Ukauliza kama kuna mkurugenzi mwingine. Akatazama huku na huku jikoni, akabofya hapana.

Kazi yenyewe ilikuwa tamu tangu siku ya kwanza. Lilikuwa daraja la waenda kwa miguu juu ya mto Tees, jembamba na la kupinda, na Thelma alilipenda kama watu wanavyopenda mtoto wa kwanza wa jirani. Msimamizi wa mradi alikuwa Harjit Sanghera, mtu mpole anayekuja kazini kwa baiskeli na asiyependa vikao. Alimwonyesha meza, akamwonyesha michoro, akamwambia, "Wewe ndiye fundi, mimi sitakuchungulia begani." Thelma, aliyechunguliwa begani miaka ishirini na tisa, hakujua shingo aiweke vipi.

Masharti ya Vernon aliyafuata yote. Alikuja na kikombe chake. Alikuja na chai yake, maziwa yake kwenye chupa ndogo, hata kijiko. Ijumaa ya kwanza trei la mikate ya bekoni likapita, harufu ikajaa ofisi nzima, na tumbo lake likanguruma kwa sauti ambayo ilisikika mpaka kwa wahandisi.

"Huli nyama, Thelma?" Harjit akauliza.

"Nakula."

"Basi chukua."

"Siwezi. Ni mambo ya kodi."

Harjit akamtazama, akatazama mkate, akatikisa kichwa na kuupeleka mbele. Ijumaa ya pili akaja nao tena akamkuta anatafuna karoti kwa uso wa mtu anayetimiza kiapo.

Kila Jumapili Kirsty alipiga simu. Kule jioni, huku asubuhi. Tumbo lilikuwa linakua, Rory alikuwa anaweka sikio juu yake na kudai anasikia treni. Na kila simu iliishia kwenye swali lilelile, lililoulizwa kwa upole ambao Thelma aliuona mkali kuliko lawama. "Mama, wamekupa ruhusa?"

"Bado, mwanangu. Naiandaa."

Hakuwa anaandaa chochote. Kila alipofikiria kile kifungu cha tisa alisikia sauti ya Vernon ikisema pambo, na kila alipomtazama Harjit aliona mtu mwema ambaye hajapewa sababu ya kukataa. Wiki ya kwanza ya Oktoba haikuwezekana kuahirisha tena. Na sasa angalia miaka ishirini na tisa inavyomfanya mtu. Mwanamke mwenye kampuni yake, mkurugenzi aliyesajiliwa, aliyeisoma mikataba kwa mwanga wa jua, akaenda hadi kwenye rafu iliyo karibu na mashine ya kuchapa, akachukua fomu ya wafanyakazi ya kuomba likizo, akaijaza kwa mwandiko wake mzuri, akagonga kwa Harjit na kusimama mbele ya meza mikono imeshikana kama mwanafunzi.

"Samahani kwa usumbufu," akasema. "Najua si wakati mzuri."

Harjit akaisoma fomu. Akaisoma tena. Akamrudishia.

"Thelma, hii siwezi kuisaini."

Aliona ule wino wa buluu, alimwona Rory nyuma ya kochi. Aliitikia kwa kichwa, kwa sababu miguu ilikuwa imeshazoea kuondoka kabla ya machozi, akasema, "Naelewa kabisa," na akageuka.

"Huelewi," Harjit akasema. "Kaa kwanza. Unajua kwa nini siwezi?"

"Kwa sababu ya ratiba."

"Ratiba gani? Nikiisaini hii nimekuajiri! Kikombe umeleta chako, bekoni umeisusa wiki tano, watu wanadhani una kidonda cha tumbo, halafu unaniletea fomu ya likizo? Hebu niambie, bosi wako ni nani?"

Thelma akafungua mdomo. Jina lililokuja ulimini lilikuwa la yule wa zamani, wa wino wa buluu. Akalimeza.

"Ni mimi," akasema polepole.

"Basi ruhusa kaombe kwake. Mimi nina swali moja tu. Hizo wiki sita, nani atakaa na daraja?"

"Kifungu cha tisa," Thelma akasema, na sauti yake ikapanda bila kutaka. "Kwa hiyo ni cha kweli?"

"Nilikiandika mwenyewe. Mwanasheria alikaa nacho wiki mbili. Wewe ni wa kwanza kukikumbuka. Niletee mtu anayejua kuchora kama wewe, nimwone, tumemaliza."

Alitoka mle ndani akapita kwenye meza yake, akapita kwenye mashine ya kuchapa, akatoka mpaka nje penye maegesho ya baiskeli, akaruka. Aliruka mara mbili, kwa viatu vya kazini, mwanamke wa miaka hamsini na mitano. Wahandisi walimwona dirishani na hawakusema neno, na wema wao huo hajausahau.

Jumapili akamchukua Mena wakaenda Redcar, wakakaa kwenye benchi wakiitazama bahari ya kijivu, kila mmoja na aiskrimu yake yenye kilele cha barafu ya limau, kwa sababu watu wa kule hula aiskrimu hata upepo unapotaka kuwavua koti. Mkataba wa Mena kwenye uwanja wa kutengeneza meli ulikuwa unaisha mwisho wa Oktoba. Alikuwa hana kitu mpaka mwaka mpya.

"Unataka mimi nifanye kazi chini yako?" Mena akauliza.

"Si chini yangu. Wewe baki na mwavuli wako. Kampuni yangu inaulipa mwavuli, mwavuli unakulipa wewe, kodi imekatwa, likizo imelipwa, hutajua mwaka wa hesabu unaisha lini."

Mena akalamba limau akiwaza. "Kwa hiyo wewe ndiye mteja wangu."

"Ndiyo."

"Una sherehe ya Krismasi?"

"Mena!"

"Nauliza haki zangu." Kisha akamwekea mkono begani, na sauti ikabadilika. "Shoga, nilikuwepo siku ile fomu iliporudi. Niliiona sura yako. Hilo daraja lako nitakaa nalo kama jicho langu. Wewe nenda ukamshike huyo mtoto."

Thelma alikula aiskrimu yake haraka mpaka kichwa kikamuuma.

Harjit alizungumza na Mena robo saa, akamwekea mbele mchoro wenye kosa la makusudi. Mena alilipata kabla hajakaa, akaomba kalamu nyekundu. Vernon alipopata habari kwamba kampuni ya dada yake inashikiwa nafasi na mwavuli, alinyamaza dakika nzima, jambo ambalo Norris aliliandika kwenye kalenda ya jikoni. Mwisho akasema kisheria ni sahihi kabisa, na akaomba, kwa sauti ndogo, aone mhasibu wa dada yake anaandikaje ankara ya mbadala. Kumbe miaka kumi na moja alikuwa na mlango wazi nyumbani kwake na hajawahi kuujaribu.

Ijumaa ya mwisho kabla ya safari Thelma aliingia ofisini na boksi mbili za moto. Mikate thelathini ya bekoni, mchuzi wa kahawia pembeni, na mitano ya mayai kwa wasiokula nyama. Akaziweka katikati ya meza kubwa.

"Za nani hizi?" Harjit akauliza.

"Za kampuni yangu. Inawakaribisha wateja."

"Na wewe utakula?"

"Bekoni yangu mwenyewe? Nani atanizuia?" Akauma mkate, mafuta yakamtiririka kidevuni, akafumba macho. Wiki kumi alikuwa anaisubiri bekoni ile. Mena, aliyekuja kupokea kazi, akala miwili akasema mteja wake ana tabia nzuri, hata kama hana sherehe.

Jumamosi asubuhi masanduku yalikuwa mlangoni. Norris alikuwa amevaa, kwa ajili ya ndege, suti aliyoivaa kwenye harusi ya Kirsty, na hakuna aliyeweza kumtoa ndani yake. Teksi ilikuwa imebakiza dakika kumi. Thelma akatafuta pasipoti kwenye mkoba wake mkubwa na vidole vikagusa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa ile fomu. Jina lake, siku arobaini na mbili, sababu: kuzaliwa kwa mjukuu. Chini, visanduku vya msimamizi vilikuwa vitupu.

Akaketi mezani na koti lake. Kwa muda aliitazama kama mkurugenzi anavyotazama ombi la mfanyakazi, yaani kwa ukali kidogo. Akafikiria kumbukumbu za mwombaji: miaka ishirini na tisa kazini, siku nne za ugonjwa, fomu moja iliyokataliwa, bafu moja lenye maji yaliyofunguliwa. Kisha akachukua kalamu. Penye uamuzi akaandika: Imekubaliwa. Penye jina la msimamizi akaandika Thelma Garbutt, Mkurugenzi, akatia saini nzito yenye mkia, saini ambayo hajawahi kuitia popote. Kilibaki kisanduku cha maoni. Akaandika: Mwombaji amesubiri vya kutosha. Aende, na asikimbilie kurudi.

Akaibandika kwenye friji kwa sumaku ya Redcar. Simu ikalia palepale. Hobart.

"Mama, ndiyo mnatoka? Niambie ukweli, usinifiche." Kirsty alikuwa anahema, mtoto wa ndani alikuwa amembana. "Wamekupa ruhusa, au umetoroka?"

"Nimepewa. Wiki sita kamili, na maandishi ninayo."

"Kweli? Nani kakupa?"

"Bosi mpya," Thelma akasema, machozi yakimshuka na hakwenda kufungulia maji mahali popote. "Mwanamke mmoja hivi. Utamwona Jumatatu, nakuja naye."

Nje teksi ikapiga honi, na Norris, ndani ya suti yake, akaanza kuyavuta masanduku yote mawili kwa pamoja, akakwama mlangoni.